Uzi Una Ncha Mbili

Kwa Kiswahili ukuta hunyooka, na mtu hunyooka. Neno tunalolitumia kwa barabara isiyo na kona ndilo tunalolitumia kwa mwenye duka asiyechezea mizani. Sheria ikitumiwa vibaya tunasema imepindishwa. Ndugu wakikosana tunamtafuta mzee awanyooshee mambo. Mwislamu anayetimiza sala zake tano huomba kuongozwa kwenye njia iliyonyooka si chini ya mara 17 kwa siku, mara moja katika kila rakaa ya faradhi, na Mkristo kila Majilio husomewa habari za Yohana Mbatizaji na njia inayotakiwa kunyooshwa. Ungetazamia kwamba watu wenye lugha ya namna hii wangeuthamini mstari ulionyooka hata katika mitaa wanayoishi. Sivyo. Tukitaja mitaa iliyonyooka, wengi hufikiria Masaki na Oysterbay jijini Dar es Salaam, wenye hati na wenye mageti, na kujiambia kwamba huo ni urembo wa wenye nacho, sisi wengine tubanane tu. Hoja yangu ni kinyume cha hayo. Mstari ulionyooka unamfaa mnyonge kuliko unavyomfaa tajiri, kwa sababu hakuna umbo lililo rahisi kuhakikiwa kuliko hilo. Mtu yeyote, awe na cheo au asiwe nacho, anaweza kulipima kwa uzi.

Mtazame fundi mwashi anapoanza msingi. Anasimika vigingi, anavuta uzi, kisha anapima futi 3 kwenye uzi mmoja na futi 4 kwenye uzi wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ukitimia futi 5, kona yake ni mraba. Akimaliza kona zote nne anapima mshazari kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, nyumba imekaa sawa, na visipolingana kuna mahali pamekosewa. Mwenye nyumba ambaye hakupita hata darasa la nne anaweza kushika ncha ya uzi na kuona haya kwa macho yake, kabla hajalipa senti. Ukuta ukishapanda, linakuja timazi, kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi. Hapo anayeamua si fundi wala mwenye nyumba, ni mvuto wa dunia. Ukuta ukiegemea, uzito wa paa haushuki tena katikati ya tofali hadi msingini. Unasukuma upande mmoja, na upande wa pili nyufa zinafunguka. Sina ugomvi na duara. Nyumba ya msonge nayo huchorwa kwa kigingi kimoja cha katikati na kamba isiyobadilika urefu, kwa hiyo nayo yaweza kukaguliwa na yeyote. Ninachokitilia shaka ni umbo ambalo anayeweza kusema kama ni sahihi ni yule aliyelichora peke yake.

Na hapo ndipo ilipo shida ya mipaka yetu. Kati ya nukta mbili hupita mstari mmoja tu ulionyooka. Iliyopinda haina idadi, na kila mgomvi ana wake. Mpaka unaotoka kwenye mwembe, ukazunguka kichuguu, ukafuata minyaa hadi kwenye kisiki cha mkorosho, unaishi ndani ya kumbukumbu ya watu. Mwembe hukatwa, kichuguu husawazishwa, minyaa husogea kidogo kila ikipandwa upya, na mzee aliyekuwa shahidi huzikwa. Baada ya hapo haki huwa ya mwenye sauti kubwa, au mwenye fedha ya kuendesha kesi miaka mingi, au mwenye jamaa serikalini. Mjane ndiye hupoteza. Lakini bikoni mbili za wapimaji zikiwa bado ziko ardhini, hata mtoto wa shule anaweza kuvuta kamba kutoka moja hadi nyingine na kuonyesha kwamba msingi wa jirani umeingia hatua mbili. Kamba haimjui diwani wala haimwogopi tajiri. Ndiyo maana mwizi wa ardhi hapotezi muda kubishana na mstari, huanza kwa kung'oa bikoni.

Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi kwenye makazi ambayo hayakupangwa, na wanajua kwa uchungu gharama ya uchochoro uliopinda. Gari la zimamoto haliwezi kukunjwa. Mama mwenye uchungu wa kujifungua usiku hubebwa mikononi hadi barabara kubwa, kwa sababu gari halikuweza kukata kona kati ya choo cha huyu na ukuta wa yule. Yaliyo chini ya ardhi hayaonekani, ila ni mabaya zaidi. Bomba la majitaka hulazwa limenyooka kutoka chemba hadi chemba, kwa mteremko usiobadilika, na kila linapogeuka huwekwa chemba nyingine. Wahandisi hawafanyi hivyo kwa kupenda unadhifu. Bomba lililonyooka likiziba, fundi husukuma fito kutoka chemba moja hadi itokeze ya pili, uchafu ukaondoka. Lililopinda halifikiwi, na uchafu wake hurudi kwa wakazi wenyewe. Ambako nyumba zimekaa ovyo, bomba hilo halina pa kupita, kwa hiyo watu huchimba mashimo, na mvua za masika zikija mashimo hufurika mpaka milangoni. Kipindupindu kimezoea njia za aina hiyo.

Kwa upande mwingine, tazama Kariakoo katika jiji hilohilo. Mitaa yake ilipimwa tangu enzi za Wajerumani, ikakatana kwa pembe mraba, na katika kila kiwanja ikasimama nyumba ambayo mpaka leo tunaiita nyumba ya Kiswahili: ukumbi mmoja katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Ukumbi ule ulionyooka unafanya kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Upepo unaoingia mbele hutokea uani bila kukwama, na wapangaji sita wanapata milango sita inayotazamana, hakuna aliyefichwa nyuma ya mwenzake. Miaka ikapita, nyumba za udongo zikawa za tofali, za tofali zikawa maghorofa, biashara ikaja kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, lakini mitaa ya Msimbazi, Sikukuu na Livingstone bado iko pale ilipochorwa. Mgeni anayeambiwa mzigo wake uko kona ya Mchikichi na Congo haulizi tena. Msongamano wa Kariakoo tunaulalamikia kwa haki, ila tufikirie mzigo uleule wa watu na bidhaa ungebebwaje na vichochoro vya Manzese.

Shambani jambo ni lilelile, nalo halihitaji maneno mengi. Mahindi yakipandwa kwa mistari ya sentimita 75, na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, ekari moja hubeba karibu mashina 18,000. Mkulima anayejua hesabu hiyo hadanganywi na muuza mbegu wala muuza mbolea, na anaweza kupalilia kwa ng'ombe. Anayerusha mbegu ovyo hawezi kuhesabu chochote mpaka siku ya mavuno.

Watakaonipinga wataanza na Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu. Miji hiyo miwili, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na 2001, inapendwa na dunia nzima kwa vichochoro vinavyopinda, vyenye kivuli na staha, ambapo mlango wa huyu hautazami moja kwa moja ndani kwa yule. Nakubali uzuri wote huo, na yeyote atakayetaka kubomoa kichochoro cha Lamu apitishe gari namhesabu adui wa ustaarabu wetu. Lakini ingieni ndani ya nyumba zile. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari la chokaa na mawe. Boriti iliyopinda haikuwa boriti. Mikoko ilikatwa na kupangwa kwa unene, fito, pau, boriti, nguzo, na majahazi yakaipeleka hadi Oman na Ghuba, ambako miti mirefu iliyonyooka ilikuwa adimu, na vyumba vya huko navyo vikachukua kipimo cha boriti za Lamu na Rufiji. Kisha tazameni misikiti. Kichochoro kinaweza kugeuka kinavyotaka, ila ukuta wa kibla haugeuki. Zanzibar, Mombasa na Makka zote ziko kati ya nyuzi 39 na 40 za longitudo ya mashariki, kwa hiyo mwambao wetu huelekea karibu kaskazini tupu unaposali. Ndani ya msikiti imamu haanzi sala kabla hajawaambia watu wanyooshe safu, bega kwa bega, mchukuzi karibu na mwenye jahazi. Wazee waliojenga miji ile waliujua mstari vizuri. Waliutumia pale ambapo uzito, imani na usawa vilidai, wakauacha pale ambapo kivuli kilitosha. Mji wao ulikuwa wa kutembea kwa miguu na wa majirani waliojuana vizazi vingi, na mji wa mamilioni ya wageni hauwezi kuishi kwa kujuana.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo, na haifai kulipita haraka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari unaoanzia mdomo wa Mto Umba, ukaenda hadi Ziwa Jipe, ukauzunguka Mlima Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukanyooka hadi mwambao wa mashariki wa Ziwa Victoria, nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mstari huo, kwa sehemu kubwa, ndio mpaka wa Kenya na Tanzania hadi leo. Uliwakata Wadigo upande wa pwani, Wamaasai katikati, na Wakuria karibu na ziwa. Ng'ombe wakajikuta nchi moja na maji nchi nyingine. Anayeniambia kwamba mstari ulionyooka ni kitu cha haki, huku amesimama mpakani Namanga, ana sababu ya kunikatalia. Nyumbani pia tuna jeraha letu. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa. Sehemu nyingi nyumba zilipangwa kwa safu kando ya barabara, zikapendeza machoni pa ofisa anayepita na gari, wakati shamba la mwenye nyumba lilibaki mwendo wa saa nzima, likiliwa na ngedere na nguruwe.

Ni makosa ya mstari? Nasema ni makosa ya aliyeushika. Uzi wa fundi una ncha mbili, na haukazi mpaka kila ncha iwe na mtu. Mpaka wa 1886 uzi wake ulishikwa ncha zote mbili na Ulaya. Hakuna Mdigo, Mmaasai wala Mkuria aliyeitwa. Safu za vijiji zilichorwa na mtu ambaye hangelima shamba lile. Mstari uliochorwa hivyo unapoteza ile sifa moja niliyoisifia tangu mwanzo, yaani kwamba wanaohusika wanaweza kuuhakiki na kuukataa ukikosewa. Unabaki amri iliyovaa nguo za kipimo. Na hata amri ya namna hiyo, ikipinda, ingekuwa mbaya vilevile. Mipaka mingi ya Afrika inafuata mito, nayo imegawa koo na ndugu sawasawa na ile iliyochorwa kwa rula.

Ushahidi mzuri kwamba kosa ni la aliyeshika uzi uko milimani. Wapo wanaosema kwamba asili haina mstari, na kwamba mkulima anayelima kwa kunyoosha matuta kutoka juu hadi chini hupeleka udongo wake mtoni. Ni kweli kabisa, na mkulima huyo namkosoa mimi pia. Ila angalieni jinsi matuta mazuri yanavyopatikana. Kule Machakos, Kenya, wakulima wamegeuza miteremko kwa njia ambayo jina lake la Kiswahili, fanya juu, sasa linatumiwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi: unachimba mtaro unaokatiza mlima, udongo unautupa upande wa juu, na mvua baada ya mvua ngazi inajijenga yenyewe. Mtaro huo ukitazamwa kutoka angani unapinda pamoja na mlima. Lakini umepimwaje? Watu wawili wanashika fimbo mbili zenye urefu sawa, uzi umevutwa kati yake, pima maji imening'inizwa katikati ya uzi. Kinachoonekana kupinda kwa ndege kimenyooka kwa maji, na maji ndiyo yanayohusika pale. Sasa linganisheni na milima ya Uluguru, ambako serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kukata ngazi kwa amri, hadi mwaka 1955 Waluguru wakafanya ghasia kuzikataa. Miteremko inafanana, na kusudi la kuzuia udongo usichukuliwe ni lilelile. Tofauti ni nani aliyeshika fimbo ya pili.

Hata siasa imewahi kupimwa kwa mstari. Mwaka 1988 nchini Kenya, katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, wapiga kura walijipanga nyuma ya mgombea wao uwanjani, utaratibu uliojulikana kama mlolongo. Katika maeneo kadhaa mstari mfupi ulitangazwa mshindi. Wapo wanaoutaja mlolongo kama fedheha ya foleni, na ni kweli kwamba ulimweka mwananchi uchi mbele ya chifu na mwajiri wake. Kura inastahili siri, na mwaka 1990 chama hicho kikauacha. Lakini tujiulize kwa nini wizi ule haukusahaulika, na kwa nini ulichangia kuwasukuma Wakenya kudai mageuzi. Kila aliyekuwepo uwanjani aliona kwa macho mstari upi ulikuwa mrefu. Wizi ndani ya sanduku hubishaniwa na mawakili, lakini wizi wa mlolongo ulimfanya shahidi kila aliyesimama pale. Foleni ya dirisha la hospitali ina nguvu hiyohiyo. Anayepitishwa kwa mlango wa nyuma anajulikana na wote, na kwa sababu anajulikana anaweza kukemewa. Ofisi isiyo na foleni, ambamo kila mtu anahudumiwa kwa kujuana, haina cha kukemea.

Nayasema haya sasa kwa sababu urasimishaji wa makazi unaendelea katika miji mingi ya Tanzania, na katika mitaa mingi umekwama mahali palepale. Wakazi wamechanga fedha, wapimaji wamefika, na kinachogomba ni mita moja au mbili ambazo kila mwenye nyumba anatakiwa kuzitoa ili njia inyooke. Huyu anasema ukuta wake ulitangulia, yule anasema atoe jirani kwanza. Nawaelewa, kiwanja chenyewe ni kidogo, na mita mbili ni banda la kuku au chumba cha mpangaji. Lakini mita hizo ndizo zitakazopitisha bomba la maji, waya wa umeme, mtaro wa mvua, gari la wagonjwa na jeneza lako siku yako ikifika. Wapimaji nao wasituletee ramani iliyokwisha kuchorwa ofisini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetujengea desturi ya majirani kuwepo mpaka unapooneshwa, na mijini tunaihitaji zaidi. Viongozi wa mitaa waite mkutano Jumapili, si siku ya kazi, na wasiache kuwaita wajane na warithi walio mbali, maana viwanja vyao ndivyo hupunguzwa kimyakimya. Waliobomolewa kitu cha maana wafidiwe kwa michango ya wanaonufaika.

Mpimaji akifika mtaani kwako, usimchungulie dirishani. Toka nje, shika ncha moja ya kamba, na umwite jirani ashike ya pili.